Kijiko Kimoja Kutoka Basani

Walizichoma tenga zetu siku ya soko, saa nne asubuhi, wakati Nyangwe yote iko pale na watu wa mitumbwi wameshafika. Tenga kumi na saba. Mwenye kiberiti alikuwa Lukumani, kijana wa hapa hapa, ambaye mradi mmoja unaoitwa Lualaba Hai ulimpa kofia na fulana akawa jicho lao kwenye mto wetu. Alisoma karatasi kwa sauti. Kuanzia siku ile hakuna mwanamke kuvua kamba wadogo kwa tenga, kwa sababu hao wadogo ni watoto wa kamba wakubwa, na sisi tunawamaliza kabla hawajakua. Alisema imethibitishwa kwa ADN, kile kipimo cha kujua kiumbe ni cha ukoo gani. Akarudia herufi moja moja, polepole, kama mtu anayefundisha wajinga.

Nilikuwa nimesimama na mtoto wangu Safi mgongoni, ana miezi saba. Moshi ukamwingia machoni, akaanza kulia. Sikuondoka. Nilitaka nione mpaka mwisho tenga ya mama mkwe wangu, ile aliyoisuka wiki mbili nzima mguu wake ukimuuma.

Mama mkwe wangu ni Bibi Chadia. Yeye ndiye anayetuongoza majini. Hakupaza sauti.

"Lukumani, weye meno yako yaliota na supu ya hizi kamba. Mama yako alipolala na ugonjwa, nani alikuwa anakuletea bakuli?"

"Mama Chadia, si mimi. Ni siansi."

"Siansi njo ilibeba kiberiti?"

Watu wakacheka. Lukumani akakunja karatasi yake, akaenda kusimama upande ambao moshi hauendi.

Wanaume wa kwetu wana mitumbwi na nyavu. Samaki ni wao, na kamba wakubwa wenye makucha marefu ni wao. Sisi wanawake tuna ukingo tu. Tunaingia maji mpaka kiunoni, tunasukuma tenga mbele yetu, tunainua, maji yanachuruzika, na chini wanabaki kamba wadogo, urefu wa ukucha wa kidole gumba, wanarukaruka. Tunawakausha juu ya mikeka. Magunia yanapanda pikipiki mpaka Wamaza, mengine mpaka Salamabila, wachimba dhahabu wanawatia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mume wangu Djamali yuko huko Salamabila, mwaka wa pili sasa, shimoni. Anachotuma kinafika siku kikifika. Tenga ilikuwa ya kila siku. Bila tenga, Safi angeachishwa ziwa kwa uji mtupu, maana hata maziwa yangu yanatokana na ninachokula.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani sikulia. Nilifua. Nilifua hata nguo zilizokuwa safi.

Yule wa ADN nilimjua. Anaitwa Gérard, mtu wa chuo. Alikuja wakati wa mvua na sanduku lenye barafu. Siku ile ni mimi niliyeshika basani, na sasa nitaeleza, kwa sababu jambo lote liko pale.

Sisi tukitoka majini hatugawi tenga kwa tenga. Kila mmoja anamwaga alichopata ndani ya basani moja kubwa ya bati, tunachanganya kwa mikono, halafu Bibi Chadia anagawa kwa kikombe. Aliyepata kingi na aliyepata kidogo wanapata sawa. Na kuna kikombe cha asiyekuja: mgonjwa, mjane, mwanamke aliyejifungua. Nilipomzaa Safi, siku arobaini zote kikombe changu kilifika mlangoni na sikuwa nimelowesha hata mguu. Ndiyo desturi yetu, na siionei haya.

Gérard alitukuta tumeshamwaga. Akaomba kijiko. Akachota kijiko kimoja kutoka basani, akakitia kwenye chupa ya spiriti, akaandika, akashukuru vizuri sana. Hakuuliza nani alivua wapi. Nasi hatukumwambia, kwa sababu kwetu mgeni akichota chakula humuulizi anachota nini. Unamwambia aongeze. Bibi Chadia alimwambia aongeze. Akasema kimoja kinatosha.

Kijiko kimoja, na kwa kijiko hicho tenga kumi na saba zimekuwa majivu.

Kesho yake nilimfuata Lukumani kwenye ofisi yake, chumba kimoja nyuma ya duka la chumvi.

"Nataka ile karatasi."

"Iko kwa Kifaransa, Mama Safi."

"Sikuuliza iko kwa lugha gani."

Alinitazama kama vile mbuzi wake ameomba kiti. Lakini alinipa nakala, nadhani ili anicheke baadaye. Hakujua kwamba miaka mitatu sasa, kila jioni baada ya alasiri, naenda kwenye darasa la wanawake la Mwalimu Cécilia, na kwamba niliendelea kwenda na mimba, na baada ya mimba nikaenda na mtoto. Niliikalia ile karatasi siku mbili na kamusi ya mwalimu. Maneno mengine yalikuwa magumu, nikayaruka, nikayarudia. Kwenye ukurasa wa tatu nikakuta mstari mdogo. Sampuli moja, imechotwa kwenye basani ya pamoja, imesagwa yote kwa mara moja. Jina lililosomeka wazi: kamba mkubwa.

Nikausoma mara nne. Waliwasaga wote pamoja. Mle ndani mlikuwa na kamba wa mchangani, mlikuwa na kamba wa kwenye matete, mlikuwa na wa mama huyu na mama yule, wakawaponda kama pilipili, wakauliza ungaunga ule: jina lako nani? Aliyekuwa na nyama nyingi akajibu kwa niaba ya wote.

Hasira niliyoipata pale ilikuwa mbaya kuliko ile ya moto. Moto unaweza kuusamehe, umewashwa na mpumbavu. Lakini hawa walisoma.

Gérard alirudi Alhamisi, kwa mkutano wa kutuelimisha. Walitupanga kwenye mabenchi ya shule. Lukumani alianza na maneno yake ya vizazi vijavyo. Nilisimama katikati ya maneno. Mkononi nilikuwa na sahani nyeupe yenye maji, na ndani kamba wanne wadogo, wazima, niliowachota alfajiri ile kwa kitenge changu.

"Mama Safi, maswali ni mwisho," Lukumani alisema.

"Hili si swali." Nikaiweka sahani mbele ya Gérard. "Dokta, angalia huyu. Chini ya tumbo iko na nini?"

Lukumani aliinama wa kwanza. "Uchafu. Mayai ya samaki yamemkamata."

"Nimemwambia dokta."

Gérard akatoa kioo chake cha kukuzia, kile kidogo cha kukunja. Akaangalia wa kwanza. Akaangalia wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Ni mayai yake mwenyewe," akasema. "Ameyabeba."

"Haya. Mimi nina mtoto mgongoni, kila mtu hapa anajua mimi si mtoto tena. Huyu ana mayai tumboni, na karatasi yako inasema yeye ni mtoto wa mtu. Ni mtoto gani anazaa? Wale wakubwa wakiwa wadogo hivi tayari wana makucha yao, hata kama ni kama uzi. Huyu hana. Wamama wote hapa wanawatenganisha kwa vidole, hata gizani. Hukutuuliza."

Gérard alikuwa mwekundu masikioni. Ni mtu mweusi kama sisi, lakini masikio yalibadilika, niliyaona.

"Sikuwa na chupa nyingi," akasema. "Nilifikiri basani yote ni ya sehemu moja."

"Ulifikiri."

"Nilikosea, mama."

"Na Lukumani akachoma kwa lile kosa."

"Mimi nimetekeleza rapoti," Lukumani alisema. "Rapoti inasema nini? Inasema kamba mkubwa. Sasa sahani moja ya mwanamke inafuta laboratwari?"

"Haifuti," nikamwambia. "Laboratwari irudie. Kamba mmoja, chupa moja. Na mahali paandikwe."

Gérard alihesabu chupa zilizobaki kwenye sanduku. Ishirini na nne. Akasema niwachague mimi, nionyeshe mahali.

Hapo ndipo tuliposhikana na mama mkwe wangu. Tulikuwa tumeshuka ukingoni, yeye, mimi na dokta aliyekunja suruali. Nilitia kamba kumi na wawili wa upande wa mchanga, mmoja mmoja, kila mmoja na chupa yake. Kisha nikaanza kwenda kwenye matete, pale kijito kinapoingia mtoni.

Bibi Chadia akanishika mkono. "Unaenda wapi?"

"Kwenye matete. Kumi na wawili wengine."

Akanivuta kando, akaniita kwa jina langu, chini chini ili dokta asisikie. "Mwanvua. Kule unajua iko nini."

Nilijua. Sote tulijua. Kwenye matete wanaingia wadogo wenye makucha kama uzi. Tukiwapata tunawamwaga basani na wengine, tunasema Mungu ametoa.

"Mama, nikitia wa mchangani peke yao, mimi nimekuwa nani? Nimekuwa yeye na kijiko chake."

"Umekuwa mutu anayelisha mutoto wake."

"Mama."

"Wametuchomea, na weye unawapelekea kuni."

Nilimpenda sana na nilikuwa na hasira naye palepale. Nilikuwa na hasira na Gérard kwa kunilazimisha nichague, na Lukumani kwa kutufanya tuogope ukweli wa mto wetu wenyewe. Kabla ya moto wake tungeweza kusema bila hofu: ndiyo, wale wa matete ni watoto. Sasa kulisema ilikuwa kama kujishtaki.

Nikaingia kwenye matete. Safi alikuwa amelala mgongoni, miguu yake ikigusa maji. Nikatia kumi na wawili. Gérard akaandika mahali kwenye kila chupa, nami nikasoma kila alichoandika kabla hajafunga sanduku. Nikamwambia aandike pia namba yangu ya telefone, majibu yaje kwangu siku ileile yatakapokwenda kwa mradi. Akaandika. Bibi Chadia alikuwa ameshapanda juu peke yake.

Majibu yalichukua miezi mitatu. Sitaeleza tulikula nini miezi hiyo. Bibi Chadia alinipikia, alimwogesha Safi, aliniambia chumvi iko wapi, na zaidi ya hapo hakuniambia kitu.

Yalikuja Jumanne, niko kwenye darasa la Mwalimu Cécilia, kilimani ambapo mtandao unashika. Kamba wa mchangani, kumi na wawili kati ya kumi na wawili: aina nyingine kabisa, wameshakomaa, hawakui zaidi ya hapo. Wa matete: tisa ni watoto wa kamba mkubwa, watatu ni wa aina ile ndogo. Chini Gérard aliandika kwamba anaomba mradi ufungue mchanga mara moja, na ufunge matete miezi mitatu tu, kuanzia sasa, ile ambayo watoto wanakua. Nikainakili yote kwenye daftari kwa mkono, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili.

Siku ya soko Lukumani alisimama tena na karatasi. Alisoma: tisa kati ya kumi na wawili ni watoto wa kamba mkubwa. Akaikunja. "Mmesikia wenyewe. Na hawa aliwachagua Mama Safi kwa mkono wake."

Bibi Chadia aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

"Fungua karatasi, Lukumani," nikasema.

"Nimemaliza."

"Umesoma matete. Soma mchanga."

"Mambo ya mchanga ni ya kitaalamu..."

Nikafungua daftari. Nikasoma mimi. Nilisoma ya mchanga, chupa kwa chupa, zote kumi na mbili, kisha ya matete zote kumi na mbili, hata zile tisa, kwa sababu nilitaka wasikie kwamba sikuruka kitu. Nilisoma ombi la Gérard. Kisha nikarudia yote kwa Kiswahili. Wanaume wa mitumbwi walisogea. Mzee mmoja wa nyavu akamuuliza Lukumani kama ile ya mchanga imeandikwa kweli kwenye karatasi yake. Lukumani akasema imeandikwa, lakini anasubiri amri.

"Kuchoma ulisubiri nani?" mzee akamuuliza.

Lukumani akaitia karatasi mfukoni. Hakuomba msamaha, si siku ile wala mpaka leo ninapoandika. Nangoja. Sitachoka kungoja, na kila nikimpita nitamwangalia usoni.

Wanawake hawakungoja amri. Waliokuwa na tenga mpya walizibeba, wengine walichukua mabasani na vitambaa vya zamani vya chandarua, tukashuka pamoja. Bibi Chadia alitangulia. Alipofika chini hakugeukia mchanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye matete, sketi ameikunja kiunoni, tenga begani, na wanne nyuma yake.

Nilikimbia na mtoto mgongoni, nikasimama majini mbele yake.

"Mama, hapana."

"Toka."

"Wale ni watoto. Umesikia."

"Nimesikia. Weye njo uliwapa zile chupa." Macho yake yalikuwa na maji, na si ya mto. "Lukumani alinifungia mto, sasa na weye unanifungia? Mimi niliyekupokelea mutoto wako kwa hii mikono?"

"Miezi mitatu, mama. Hii miezi mitatu tu. Nami sitoki hapa."

Wale wanne walisimama. Safi aliamka, akamwona bibi yake, akanyoosha mikono amchukue. Bibi Chadia hakumchukua. Maji yalikuwa yakimpita kiunoni, na mimi hasira yangu ilikuwa hii: kwamba watu wawili wenye karatasi walikosea, na tunaozuiana majini ni sisi.

Kisha akahamisha tenga kutoka bega hili kwenda lile, akanipita, akaelekea mchangani. Wale wanne wakamfuata. Nami nikafuata nyuma.