Dhiraa Moja Chini

Zadock alikuwa bado hai. Kupitia darubini ya bunduki Maroa aliuona mkono wake ukijaribu kushika nyasi, na juu yake, miguu huku na huku, amesimama nyati aliyemvunja. Kila watu walipojaribu kusogea, nyati aliinamisha pembe na kumkandamiza tena. Kati yao na Zadock kulikuwa na korongo lililofurika maji ya mvua, na mita mia mbili za uwanda usio na hata kichaka.

"Afande, piga," alisema Mourine, mke wa Zadock, akiwa bado na nguo yake ya kanisani ya Sabato. "Piga sasa. Unaona vile anahema."

Maroa, askari wa wanyamapori, mzaliwa wa Kuria upande wa Migori, alitamani kupiga kuliko mtu yeyote pale. Ila hakuiamini bunduki yake, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alipoitwa kutoka Ndhiwa gari halikuwepo. Akapanda boda, na badala ya kuivaa bunduki kifuani akamwachia dereva aifunge nyuma kwa kamba za mpira, utadhani ni gunia la makaa. Kwenye kivuko pikipiki ikateleza. Bunduki ikaanguka kwa upande wa darubini, pakiti ya risasi ikaenda na maji. Zilizobaki ni mbili zilizokuwa ndani ya bunduki.

Darubini ikigongwa hudanganya. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo chake utakuonyesha bega la mnyama bila haya, kumbe risasi inaenda kwingine kabisa. Kwa mita hamsini uongo huo ni mdogo, unaweza kuusamehe. Kwa mita mia mbili unaua mtu. Na kujua unadanganywa kiasi gani, njia ni moja tu: upige kitu kilicho umbali ule ule, uone vumbi linaruka wapi.

Kushoto kwa nyati, usawa ule ule, kulikuwa na kichuguu. Maroa akalala kifudifudi, akageuza mtutu.

"Unaangalia wapi?" Mourine aliuliza. "Afande, nyati iko huku."

"Mama, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Bwana yangu anakufa."

Maroa angeweza kubahatisha, wengi wangebahatisha, na nani angewalaumu? Aliweka msalaba katikati ya kichuguu, akashusha pumzi, akafyatua.

Vumbi liliruka karibu na ardhi, dhiraa moja chini ya alipolenga. Angelenga bega la nyati, risasi ingemwingia Zadock.

Lakini mlio ulikuwa umekwisha kumfikia nyati. Alishtuka, akazunguka akimtafuta adui, na adui wa pekee aliyemwona alikuwa chini ya kwato zake. Akamtia pembe, akamwinua, akamtupa. Nyuma ya Maroa watu walipiga mayowe.

Maroa alizungusha kirungu kidogo cha kurekebisha shabaha kilicho juu ya darubini, ka, ka, ka, kila mlio ukipandisha risasi upana wa kidole. Midomo ilihesabu. Alijua kwamba akiharakisha atapoteza hesabu, na hesabu ikipotea hakuna kilichobaki. Nyati akasimama ubavu. Maroa akafyatua ya pili. Nyati akapiga magoti, akaanguka pale pale, risasi imemwingia nyuma ya bega kana kwamba imewekwa kwa mkono.

Vijana walivuka korongo kwa kamba. Hawakuita mtu. Walivua mashati wakamfunika Zadock, na hapo kila aliyekuwa ng'ambo hii akajua.

Maroa alimwendea Mourine. Alikuwa ameketi kwenye matope, viatu vyake vya kanisani mkononi.

"Mama, darubini ilikuwa imeharibika, na risasi zilikuwa mbili tu," alisema. "Kama ile ya kwanza ningepiga nyati, ningemuua mzee mimi mwenyewe."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama kisingizio cha mtu aliyekosa shabaha. Mourine hakulia.

"Risasi zilikuwa mbili," alisema. "Moja ilikuwa ya Zadock. Hiyo ulipea kichuguu."