Kibaraza cha Vioo cha Bi Mwantumu

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba Fundi Kiondo amemaliza kibaraza chetu cha vioo kabla hajakianza, na kwamba mama yangu yumo ndani.

Nieleze kidogo, mtu asije akadhani nimerukwa na akili. Kibaraza chenyewe kipo kweli. Ni saruji tupu mbele ya nyumba yetu, Ngamiani, Tanga, na mama yangu, Bi Mwantumu, hushinda pale kutwa nzima, kwa sababu mwaka jana alivunjika nyonga na magongo yake hayamfikishi mbali zaidi ya hapo. Vumbi linamwingia, mbu wanamla, mvua ikija na upepo inamlowesha yeye na mkeka wake. Mimi, Riziki, bintiye wa pekee, nilikwenda Dar nikaona wifi yangu amezungushia kibaraza chake vioo na mapazia, nikarudi nimeshaamua. Mama nilimwuliza. Alisema, "Mimi sina neno, mwanangu." Fundi akaja kupima siku ya Alhamisi, na leo saa mbili asubuhi ndipo alipoahidi kuleta vioo.

Basi, katika ndoto ni saa tisa alasiri. Vioo vimesimama pande zote tatu, vinang'aa hadi vinaumiza macho. Mimi natoka sokoni na kapu la mihogo, nataka kuingia kwetu, na mbele ya mlango kuna foleni.

"Foleni ya nini?" nauliza.

"Ya kumsalimia Bi Mwantumu," anajibu aliye mbele yangu. "Chukua namba."

Namba napewa na kapu langu mwenyewe, ambalo sikujua kuwa limeajiriwa. Ni mia mbili na kumi na mbili. Aliye mbele yangu ana mia mbili na kumi na moja, na nikimtazama vizuri namtambua kuwa ni Upepo, ule ule unaotoka baharini kila alasiri. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na ameshika kofia yake asiirushe.

"Na wewe unapanga foleni?" namwuliza.

"Nifanyeje? Nilikuwa napita tu hapa barazani, nampepea mama yako, natokea uani, naenda zangu. Sasa nimeambiwa nijaze fomu. Wameniuliza mwaka wa kuzaliwa."

"Ukaandika nini?"

"Nimeacha wazi."

Foleni inasogea hatua moja. Nikigeuka kuitazama barabara, haipo. Tumo ndani ya ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao, na kibaraza chetu kimekuwa dirisha la kukatia tiketi, lenye kitundu cha nusu duara chini ya kioo. Juu yake kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi: SALAMU ISIZIDI UKUBWA WA TUNDU.

Jirani yetu Mama Sikudhani ndiye aliyefika dirishani. Anainama. Huyu ni mwanamke ambaye salamu yake huanzia kwa mgonjwa, ikapita kwa watoto, kwa wajukuu, kwa kuku, ikarudi tena kwa mgonjwa. Anaanza, "Shikamoo Bi Mwantumu, umeamkaje, nyonga inaendeleaje, ulipata usingizi?" Shikamoo inapita. Maneno mengine yote yanakwama tunduni na kudondoka sakafuni. Nyonga inabingirika mpaka miguuni pangu. Naiokota na kuiweka kwenye kapu juu ya mihogo, kwa kuwa sijui mahali pengine pa kuiweka.

"Haya ni matusi," anasema Mama Sikudhani. Anaondoka akiwa ameshika kiuno.

Nakwenda mbele kulalamika. Sipangi foleni, maana mimi ni wa nyumba hii. Kioo cha katikati kinanizuia.

"Namba yako," kinasema.

"Mimi ni bintiye. Mimi ndiye niliyekuagiza wewe."

"Najua. Milimita sita, rangi ya bahari. Asante kwa kunichagua. Rudi kwenye foleni."

"Mama anasikia tunavyoongea?"

"Hapana."

"Ananiona?"

"Anakuona vizuri sana. Kazi yangu ni kuonyesha. Kupitisha si kazi yangu."

Naweka uso kwenye kioo nichungulie. Mama amekaa kwenye mkeka wake, magongo yapo pembeni, muhuri wa mpira mkononi kama karani wa tiketi. Si peke yake. Kwenye kiti cha wageni amekaa Jua, amekunja nne, mwekundu usoni. Kando yake kuna bwana mnene mwenye sanduku la safari, shati limemganda mgongoni.

"Yule mnene ni nani?"

"Unyevu," kinasema Kioo. "Alisikia kuna chumba kipya pwani kisicho na pa kutokea hewa. Amekuja na nguo za miaka mitatu."

"Na Jua? Nilitaka mwanga tu, sikumwalika mwenyewe."

Jua ananisikia, sijui kwa masikio gani. Anasogea na kusema kupitia tunduni, kwa upole kabisa, "Dada, mimi sina ubaya. Kwa kioo naruhusiwa kuingia. Kutoka siruhusiwi. Ndivyo vioo vilivyo, mwulize fundi wako."

Namtafuta Fundi Kiondo. Yuko juu ya ngazi, anapima urefu wa mchana kwa futi kamba.

"Fundi, mama ataiva humu!"

"Tutaweka feni," anasema.

"Feni itapepea nini, na Upepo yuko nje anajaza fomu?"

"Basi tutaweka feni mbili." Anaandika namba ukutani na kuifuta.

Nikirudi dirishani naona jambo ambalo sikuliona mwanzo. Kila mtu akisema shikamoo, mama anaitikia. Namwona midomo inavyocheza: marahaba. Lakini marahaba zake hazitoki nje. Zinapaa kidogo, Unyevu anazipokea kwa mikono miwili kama mwenye nyumba anayepokea wageni, anazibandika kwenye kioo kwa ndani, na pale zilipobandikwa kunakuwa na ukungu. Marahaba moja, kiganja kimoja cha ukungu. Watu mia na themanini wameshapita. Mama yangu nimebaki kumwona kuanzia kifua kwenda juu.

"Msisalimie!" napiga kelele kwenye foleni. "Mkisalimia anafutika!"

Foleni nzima inanitazama kwa masikitiko. Mzee Kibwana, anayepita kwetu kila asubuhi na baiskeli yake ya mkaa, anavua kofia. "Mwanangu Riziki," anasema, "unataka nipite mbele ya Bi Mwantumu kimya? Nipite kama napita mbele ya duka?"

Anainama tunduni, anasalimia. Mama anaitikia, na kidevu chake kinapotea.

Yamebaki macho. Kisha naona kidole kinatembea kwenye ukungu, kwa ndani. Mama anaandika. Alisoma ngumbaro akiwa mtu mzima na mwandiko wake ni wa taratibu, herufi kubwa kubwa. Kwa upande wangu maneno yamegeuka, nayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo: SINA NENO.

Hapo nikaogopa kwelikweli. Maana nilikumbuka kwamba mama hajawahi kuwa na neno. Nilipoolewa na yule mwanamume wa kwanza hakuwa na neno. Tulipouza shamba la Pongwe alilolilima kwa mikono yake hakuwa na neno. Hospitali walipomwambia hatatembea tena bila magongo alisema hana neno, akawaombea madaktari dua. Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, kila mara nilifurahi kwamba mama yangu si mgumu, nikaendelea na yangu.

"Mia mbili na kumi na mbili," kinaita Kioo.

Nainama tunduni. "Shikamoo, mama."

Ndani kumejaa ukungu mtupu. Naona kivuli kinainua mkono, kama anayemsalimia mtu asiyemfahamu vizuri, kwa adabu tu.

"Mama, ni mimi. Riziki."

"Moja kwa kila mtu," kinasema Kioo. "Umeshatumia yako."

Nashika fremu ya alumini nivute. Haitoki. Kwenye reli amekaa Chumvi, mweupe, mdogo, miguu ameining'iniza. "Hii nimeshaila," anasema. "Umechelewa kidogo. Fundi hakukwambia kwamba pwani nakula kila kitu?"

Naweka bega. Mzee Kibwana anaegesha baiskeli, anaweka bega lake. Mama Sikudhani anarudi mbio, bado amenuna, anasukuma kwa makalio. Wote mia mbili na kumi wanakuja. Upepo anaitazama fomu yake, anaitazama saa, anaikunja fomu mara nne na kuitia mfukoni. "Wacha wanifukuze," anasema, na anavua kofia.

Kioo kinatoka kwenye reli kikisema, "Nitaandika ripoti." Kinaanguka chali barabarani, na tunakuwa tena Ngamiani, mchana, vumbi mahali pake. Unyevu anatoka mbio, sanduku limefunguka. Jua anarudi juu bila kuaga. Na salamu zote zilizobaki nje, nyonga, usingizi, wajukuu, kuku, zinaingia kwa mkupuo.

Mama yuko pale pale kwenye mkeka, mzima, kanga imemlowa. Anakohoa, anajiweka sawa, na anaanza kuitikia. Haachi hata moja. Anaitikia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo, ile aliyokuwa akiniitia chakula kutoka mtaa wa pili. Marahaba, marahaba, naendelea vizuri, alhamdulillahi, marahaba. Mimi nasimama na kapu langu nikisubiri zamu yangu, nalia bila aibu yoyote.

Zamu yangu ikakaribia, nikaamka.

Kumekucha. Mama ameshakaa barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Nikatoka bila hata kunawa uso.

"Shikamoo, mama."

Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa uzi tu wa sauti, mkavu. "Marahaba."

"Mafua?"

Akatikisa kichwa. "Nimelala vizuri," akanong'ona. "Nimeamka sauti imekwisha. Sijui nimeitumia wapi."

Wanafunzi watatu wa kike wakapita. "Shikamoo bibi!" Mama akagusa koo lake, kisha akaninyooshea mimi kidole. Nikaitikia kwa niaba yake. Wakapita wauza maandazi, nikaitikia. Akapita Mzee Kibwana na mkaa wake, "Shikamoo, dada Mwantumu," nami kwa kasi niliyokuwa nayo nikamjibu, "Marahaba!" Akasimamisha baiskeli, akanitazama, mtu aliyenizidi miaka kumi na saba. Mama akacheka bila sauti hadi chai ikamwagika.

Saa mbili kamili gari la Fundi Kiondo likasimama mbele yetu, vioo vimefungwa kwa magunia. Akashuka, akamwamkia mama, nikaitikia hiyo pia.

"Tuanzie upande gani, dada Riziki?"

Nilitaka kumweleza kwa urefu, lakini sauti yangu nayo haikutoka. Nikamwonyesha kwa kidole vioo, kisha barabara aliyojia. Mama akasogea kidogo kwenye mkeka, nami nikakaa.