Hodi ya Tatu

...na rangi ya zambarau imekolea kupita nilivyotaka, nimeiacha miyaa ya kusukia motoni nikasinzia, najijua mwenyewe, siku hizi usingizi hunijia nikiwa nimekaa, nikiwa na kazi mkononi, hunijia mchana na jua lote hili la baada ya adhuhuri, na ndani yake nilikuwa nikisikia fyekeo, fwaa, fwaa, nikiota kwamba nyasi zinaota chumbani, zinatokeza katikati ya mkeka, changa, laini, nami nazisuka ukili vivyo hivyo mbichi bila kuzikata, kila nikisuka zinarefuka, na nimefurahi, sijui nimefurahia nini, labda ni kwa sababu mkono wangu wa kushoto humo ndotoni ni mzima, unakunja vidole vyote, ndipo sauti ikaingia, hodi, ikaingia kwa adabu kabisa, hodi wenyewe, nikainua uso kujibu karibu, neno lilikuwa limeshafika ulimini, alhamdulillahi lilinata hapo hapo, maana macho yalifumbuka na sauti nikaijua. Kibwana. Kibwana amesimama mlangoni kwangu, chini ya pazia la mlango naona miguu yake, ina vumbi hadi magotini na majani makavu yamenasa kwenye shuka, na anasema, "Naomba maji ya kunywa, jua kali," anasema kwa upole, Kibwana daima husema kwa upole mbele za watu, na ng'ambo ya njia wafungwa wenzake wanaendelea kufyeka, fwaa, fwaa, na askari wa Mudir lazima amelala chini ya mkorosho kama jana na juzi, huyo naye usingizi wake hauna ndoto ndani yake.

"Mwanaima," mama mkwe anaita kutoka chumba cha ndani, amelala kwa ajili ya magoti yake, "Mwanaima, mtu yuwaita mlangoni, husikii?" "Nasikia, mama," nimesema nasikia, na ni kweli nasikia, lakini siinuki, nautazama mtungi pale pembeni, kata imelala juu ya kifuniko, maji niliyateka mwenyewe asubuhi kwa mkono mmoja, huu mwingine ukisaidia tu kama mgeni asaidiavyo jikoni, na maji yapo, mengi, ya baridi, na mtu akiomba maji hanyimwi, hilo nililijua kabla sijajua kuvaa kanga, hata mbuzi wa jirani hanyimwi, hata... na mbona nasema mbuzi, ni wale mbuzi wake, kwenye baraza, mbele ya Mudir anayehukumu, alisema ulikuwa ugomvi wa mbuzi, ati mbuzi waliingia kwenye muhogo wangu nikamtukana, wakati siku ile hapakuwa na mbuzi hata mmoja, palikuwa na mimi na kapu la kisamvu, na yeye akitokea upande wa minazi akisema shemeji, shemeji mbona wachuma peke yako, Abdurahman amekuacha, na Abdurahman mume wangu hajaniacha, Abdurahman yuko Ramisi kwenye kazi ya miwa, hurudi Alhamisi jioni, dunia nzima inajua, na Kibwana zaidi, mama yake na mama mkwe wangu ni ndugu tumbo moja, alinitaka nikakataa, nikacheka kidogo ili asione haya, hebu fikiri, nilikuwa namstahi, ndipo kiganja chake kikaja mdomoni mwangu, kilinuka tumbaku na utomvu wa mihogo, na mkono wangu akauzungusha nyuma kama mtu akamuaye nguo, nikausikia kabla sijauhisi, mlio mdogo, mkavu, na angani juu ya minazi palikuwa na wingu moja jeupe, nililitazama wingu lile, nikalishika kwa macho lisiondoke, mpaka yeye aliposikia watu wanakuja kisimani wakicheka akaniachilia na akaenda zake, hakukimbia, alikwenda tu, akipangusa magoti.

Na hodi ya pili bado haijaja, hodi huwa ni tatu, tulifundishwa hivyo sote, mtu apige tatu, asipojibiwa aende zake asiwachungulie watu, kwa hivyo amebakiwa na mbili, na mimi nimebakiwa na mbili, na pale nje kila fyekeo linajua kwamba amekuja kwangu, kwa nini kwangu, nyumba ya jirani yangu Mapenzi iko karibu zaidi na mlango uko wazi, na mtungi wa Mapenzi ni mkubwa kuliko wangu, lakini mama mkwe alishaniambia leo asubuhi huku anakunywa uji, hakunitazama, alisema na kikombe, "Mwanangu, Mudir amesema Kibwana akinywa maji kwako basi mmepatana, siku zilizobaki atamwondolea, dada yangu analia kila siku, mtoto wa watu yuwakatishwa nyasi mbele ya mashemeji zake," nami nikasema ndiyo mama, na mtoto wa watu anaenda kulala kwao kila jioni, anakula wali wa mama yake, anaoga, na Ijumaa anavaa kanzu anakwenda msikitini anasimama safu moja na mume wangu, bega kwa bega, ndicho kifungo chenyewe hicho, kifungo cha mchana, nyasi za njia ya zahanati, zahanati ile ile nilikopelekwa nimefungwa banzi la makuti mkononi, na mume wangu akirudi kutoka msikitini huvua kofia akaniambia, "Yameisha, mama Fatu, tusiyachimbe," na mimi humtilia chakula, mkono wa kulia hutia, wa kushoto hushika sahani vibaya, naye huona, najua huona, halafu husema wali umeiva vizuri.

Yameisha, nani aliyeyamaliza, nilikuwapo lakini sikuona yakiisha, niliona meza tu na Mudir nyuma yake na upepeo wa ukili mkononi mwake, na mjomba Boga pembeni yangu amevaa koti ingawa joto lilikuwa la kuchemsha, nami nimesema yote, haya ikaniunguza uso lakini nilisema, la mkono nikasema na lile jingine nikasema, Mudir akakohoa, akasema hilo la pili halina shahidi, tutazame mkono, basi wakautazama mkono, kana kwamba ulikwenda shambani peke yake ukarudi umevunjika, na Kibwana alipoulizwa akasema, "Shetani alinipitia, bwana," na watu wakatikisa vichwa kumhurumia, shetani anampitia yeye na mkono unavunjika wangu, njia gani hiyo anayopita, na nilikuwa bado nasema moyoni kwamba ataona, atakwenda jela Mombasa, alikokwenda Chome wa Kikoneni, Chome aliyekutwa na nazi za tajiri mmoja kwenye gunia, akapewa miezi sita bila mtu kukohoa, mpaka Mudir akasema jela za Serikali zimejaa, huko bara kuna hali ya hatari, watu wa bara wamejazwa humo hata pa kulala hapana, tusiwaongezee taabu, na mimi nilikaa nikifikiri kwamba nafasi ya Chome ilipatikana, walimbanabana akaenea, nazi zina bahati kuliko mkono wangu, nazi zina mwenyewe.

Lakini si hilo, si hilo linaloniamsha usiku, kinachoniamsha ni mlango wa baraza kufunguka na Kibwana kuingia kabla kesi haijasomwa, kanzu nyeupe, kofia ya vito, na kunigeukia mimi, mimi hasa, mkono kifuani, "Asalaam aleikum," na kinywa changu kikajibu, Mungu wangu, kikajibu chenyewe, waaleikum salaam, kama kinavyojibu tangu nikiwa mdogo nikiwa na meno ya maziwa, salaam hairudishwi kwa kimya, marehemu mama angenifinya paja, kilijibu kabla mimi sijafika, na Mudir akaweka kalamu chini akatabasamu, "Alhamdulillahi, mwaona, wameshaamkiana, nyinyi ni ndugu," na mjomba Boga akashusha pumzi, na karani akaandika, sijui aliandika nini lakini niliona mkono wake ukienda kwa wepesi, kama mtu aliyepunguziwa kazi, na toka siku ile nalala na waaleikum salaam yangu, nageuka nayo upande huu na ule, naota nimeimeza, naota naikimbilia barabarani niikamate mkiani, mwezi mmoja tu wa nyasi badala ya jela, kwa sababu ya maneno mawili ya adabu, laiti ningeumwa meno, laiti ningekuwa nakohoa.

"Hodi," ya pili, taratibu, "hodi, wenyewe," na mama mkwe kule ndani kitanda kinalia, anajaribu kuinuka, "Mwanangu, mpe mtu maji, maji ni ya Mungu," na kweli ni ya Mungu, na ndiyo maana ameyachagua, angeomba ugoro ningemnyima, angeomba chumvi ningesema imekwisha, lakini ameomba maji, kama alivyochagua salaam, Kibwana anajua kuchagua, anakuja kila mara na kitu ambacho mtu kama mimi hawezi kukikataa, ananishika kwa pale palipofundishwa, nikimpa basi tumepatana, kesho hayuko njiani, keshokutwa atakuwa anapita shambani kwangu akichagua mnazi wa kuegemea, na nikinyamaza ataondoka baada ya hodi ya tatu na midomo yake mikavu ataionyesha kijiji kizima, alininyima maji, mwanamke yule ana roho ngumu, na mimi ndiye nitakayekuwa na kesi, haki ya Mungu, nimecheka, nimecheka kwa sauti ndogo, ukili umenidondoka mapajani, kwa sababu nimeiona sasa, naiona waziwazi kama jiwe chini ya maji ya kisima, kila mara yeye ndiye anayesema na mimi ndiye ninayejibu, yeye salaam mimi waaleikum, yeye hodi mimi karibu, Mudir naye akiuliza ulipiga kelele, mimi hapana bwana nilizibwa mdomo, wanasema najibu, wanasema najibu, nimejibu mpaka nimekwisha, na hakuna popote, hata kwa adabu ya mama yangu mwenyewe, palipoandikwa kwamba mimi siulizi.

Sitaki tena aende Mombasa, ajabu, nalitafuta lile la Mombasa kifuani mwangu na silioni, nililibeba siku zote hizi likinikaba na sasa mahali pake pamebaki pepesi, jela haingekunja vidole vyangu, na mwezi wa nyasi haukuvinyoosha, wacha wahesabu wao, mimi nataka kitu kidogo ambacho hakuna aliyenipa pale mezani, nataka alichonitenda kiitwe jina lake, si mbuzi, si shetani, si ugomvi wa ndugu, jina lake, na yeye ndiye akiseme, na jua linaingia chini ya pazia limefika kwenye vidole vya miguu yake, na naona kidole gumba kimoja kinakwaruza kingine, anaona haya au anaona joto, sijui, na nyasi za ndotoni bado nazisikia kidogo zikiota, harufu ya nyasi mbichi imejaa nyumba nzima, nimeinuka, sijui nimeinuka saa ngapi, nimeshika kata kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia unasaidia, nimechota, imejaa, inatikisika lakini haimwagiki.

"Hodi," ya tatu, na hii haina upole wote ule, na mimi nasema, kwa sauti ambayo sikujua imelala wapi, sauti ya mwanamke aliye ndani ya nyumba yake, "Nani?" "Mimi." "Mimi nani?" "Kibwana, shemeji." "Kibwana yupi?" nasema, na fyekeo moja limenyamaza, halafu la pili, "Kibwana yupi? Kibwana namjua mmoja tu, aliyeniziba mdomo shambani kwangu nilipomkataa akanivunja mkono, ndiye wewe?" na mama mkwe amevuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya moto, "Mwanaima, astaghafirullahi, watu wasikia," na wasikie mama, nasema taratibu, kwa adabu, wasikie, na fyekeo la mwisho limenyamaza, hata askari wa Mudir amekohoa pale chini ya mkorosho wake, na miguu yenye vumbi haiji mbele wala hairudi nyuma, vidole vimekunjwa vyote, na mimi nimesimama na kata mkononi, maji yapo, sikumnyima, akisema ndiye yeye, atakunywa hadi amalize mtungi na mimi sitasema yameisha, na asiposema atasimama hapo juani mbele ya wenzake mpaka atakapojua la kusema, sina haraka, jua halijaanza hata kushuka, nimesubiri zaidi ya hivi kwenye lile benchi la baraza, sasa ni zamu yake yeye kujibu.