Kona ya Edson Ilijaa

Mimi Mariana, Mama Boaz kwa wengi, nina ugonjwa wa kuuliza. Kwenye banda langu la chakula pale machimboni hakuna anayekula ugali bila kuulizwa jambo. Kwa hiyo chama chetu kilipoitisha kura za maoni za udiwani, nami nikiwa mjumbe, sikutulia. Kati ya Edson na Scolastika, nani atashinda huko mbele kwenye uchaguzi mkuu, kwa watu wasio na kadi ya chama? Mara iliyopita tulimpitisha tuliyempenda sisi, tukaangushwa kwa kura kumi na moja, na wodi ya wazazi aliyoiahidi ikabaki msingi ulioota nyasi. Binti yangu Ritha alijifungulia njiani akipelekwa Geita, mtoto hakupona. Sasa ana mimba nyingine. Sikutaka kukosea tena.

Edson ni mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, mcheshi, mkono wazi. Scolastika ni nesi mstaafu aliyezalisha nusu ya wanawake wa kata, na wodi hiyo ndiyo ahadi yake ya kwanza. Moyo wangu ulikuwa kwake, na ndiyo maana niliushuku.

Wazo lilitoka kwa katibu wetu, Mzee Maduhu. Kwetu Usukumani ngoma mbili hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, na watu huamua kwa miguu yao: penye umati ndipo penye ushindi. Siku ya kujitambulisha akawapanga wagombea vivyo hivyo, Edson upande wa karasha, mashine ya kusagia mawe, Scolastika upande wa soko.

“Wajumbe, msisikilize maneno,” alituambia. “Angalieni watu.”

Tukaangalia. Kwa Edson vumbi lilipanda. Wachimbaji walifika na nguo zao za kazi, wakacheka hata kabla hajamaliza kusema. Kwa Scolastika niliona watu wanne, mmoja wao mumewe.

Bado sikuridhika. Nilimfuata Asteria, muuza nyanya asiye na chama, aliyekaa kwenye meza yake hatua chache tu kutoka kwa nesi.

“Mwangaluka, Asteria. Mbona huendi kumsikiliza Scolastika?”

“Mwangaluka, Mama Boaz. Siendi ng'o. Siku namzaa huyu,” akamgusa mtoto mgongoni, “alinifokea mpaka nikasahau jina langu. Leo nikamsikilize kwa hiari yangu?”

Wauzaji wenzake wakacheka, kila mmoja akatoa la kwake: huyu alichapwa paja, yule aliitwa mvivu. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nikajua jibu nimelipata, wanawake hawamtaki.

Nikampigia Edson kura. Alipita kwa tofauti ya kura mbili. Scolastika alikuja kunishukuru, akiamini nilikuwa upande wake, nami nikazipokea shukrani.

Asubuhi ya uchaguzi mkuu banda langu lilijaa wachimbaji wakinywa chai. Nikawauliza mbona hawaendi kupanga foleni.

“Sisi tumejiandikisha kwetu Kishapu, mama,” mmoja alijibu. “Edson tunamwombea tu.”

Niliacha sufuria jikoni nikaenda kituoni. Foleni ilikuwa ndefu, karibu yote wanawake. Asteria alikuwa mbele yangu, akitazama picha za wagombea ukutani.

“Mbona nesi simwoni?”

“Hatukumpitisha,” nikasema. “Si wewe uliyesema humtaki?”

“Nilisema siendi kumsikiliza. Kura ningempa nani mwingine? Huyu mtoto alizaliwa kitovu kimemkaba shingo, manesi wengine wote wakakata tamaa. Yeye hakukata.”

Akaitazama tena ile picha ya Edson. Kisha akasema ameacha nyanya zake juani, akatoka kwenye foleni. Wawili waliokuwa karibu yetu wakamfuata. Nilitaka kuwaita, nikaona aibu.

Edson alishindwa kwa kura saba. Kesho yake nilikwenda kwa Scolastika, nikamkuta anafua uani.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, Mama Boaz.”

Nikamwambia kura yangu niliipeleka wapi, na kwa nini. Nilisimama pale nikingoja anifokee kama alivyowafokea wote. Alikamua shuka, akalianika, akaniuliza mimba ya Ritha imefika mwezi wa ngapi.