Besi ya Kumuaga Patient

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Bahizire alikuwa kwenye gereji ya nyumba ya kupanga huko Mount Druitt, akipaka gundi ukingo wa plaiwudi. Kaka yake Patient, aliyezikwa mwezi wa pili, alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, akimshikia ubao usiteleze.

"Mdogo wangu, kona hiyo imepinda," alisema Patient.

Bahizire alimwonyesha rula. Kumjibu kwa mdomo ilikuwa kazi bure. Mashine za kukata mabati za kiwanda kimoja huko Lidcombe zilikuwa zimemmaliza Patient masikio, na siku folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ilipomjia kinyumenyume hakuisikia. Ofisi ilisema hakuwa makini. Watu walitarajia kwamba kifo kingemrudishia masikio. Hakikumrudishia.

Siku ya kuondoa matanga muziki hupigwa, mjane huvua nguo nyeusi na marehemu huenda zake. Lakini Patient alikataa kuagwa kwa muziki asiousikia. Mkewe Chibalonza, aliyechoka kuvaa nyeusi na kumtandikia kochi kila jioni, alimwendea Bahizire.

"Shemeji, tengeneza bafle ambayo hata maiti ataisikia. Kitenge changu kiko kwa fundi tangu Pasaka."

Bahizire akachora bafle, sanduku la spika lenye umbo la tarumbeta. Ndani ya sanduku alikunja njia ndefu, nyembamba inapoanzia, ikipanuka taratibu hadi kwenye mdomo mpana kama mlango wa kabati, ili sauti nzito ipate nafasi ya kukua kabla ya kutoka. Spika moja isingetosha. Kwa hiyo familia za kanisani, badala ya kuleta mchele wa matanga, zilileta spika, nyingine zimeng'olewa kwenye magari. Mchango wa matanga haukataliwi. Alizifunga zote sita, kubwa kwa ndogo.

Walipoijaribu, bafle ilikohoa tu. Patient aliweka kiganja juu ya mbao.

"Tatu zinasukuma, tatu zinavuta," alisema. "Umefungia kamati ya kanisa humu."

Bahizire alicheka hadi akakaa chini. Kila familia ilikuwa imetia alama za chanya na hasi kwenye nyaya kwa rangi iliyoipenda yenyewe. Akageuza nyaya za spika tatu.

Siku ya kuondoa matanga, mchana kweupe, besi ilitoka. Vifuniko vya sufuria viliruka ua vikaenda kwa jirani. Jirani alivirudisha, akapewa sahani, akakaa. Chibalonza aliingia na kitenge cha njano. Patient alikuwa amesimama mbele ya mdomo wa bafle, na katikati ya wimbo wa pili, Clarisse wa kanisani akiwa kwenye maikrofoni, akageuka.

"Yule Clarisse huimba vibaya hivyo siku zote?"

"Siku zote, yaya, kaka yangu," alijibu Bahizire, kwa mdomo.

Vigelegele vikapigwa. Patient alicheza na mkewe hadi shati likachomoka kwenye suruali.

Muziki ulipozimwa ili watu wale, alizunguka meza akifurahia mlio wa vijiko. Akafika nyuma ya vijana wanne wa kiwandani.

"Destin," aliita.

Destin, aliyerithi mashine ya Patient, hakugeuka. Patient akaita jina la pili, la tatu na la nne. Wote waliendelea kutafuna. Chibalonza alimgusa Destin begani.

"EEH?" alisema Destin, na mtoto mchanga akaamka.

Alipoulizwa kwa ishara za vidole kuhusu masikio yake, alieleza kwa kelele zilezile kwamba waliomba vizibo vya masikio. Bosi alisema vimeagizwa. Vimeagizwa tangu mwaka jana.

Chibalonza alikuwa ameshakunja shuka la kochi. "Haya, mume wangu. Safari njema."

"Treni ya Lidcombe ni ya saa ngapi siku hizi?" aliuliza Patient.

Jumatatu alipanda pamoja na vijana. Tangu siku hiyo husimama katikati ya mashine, na folklifti ikianza kurudi nyuma humgusa bega aliye njiani. Anayeguswa husogea, anaendelea na kazi. Mwisho wa mwezi ofisi ilibandika tangazo la kujipongeza kwamba hakuna aliyeumia, ikawanunulia keki. Vizibo bado vimeagizwa. Vijana walikula keki wamesimama, mashine zikiendelea kukata mabati, na katika jengo lile zima ni Patient peke yake aliyezisikia.