Kichwa cha Melania

Febronia alipomwita binti yake aamke aende shule, alijibiwa kwa sauti ndogo, "Mama, sioni."

Akaingia chumbani na ukali wa mama anayedhani anadanganywa. Ukali wote ukamwisha. Uso wa Melania ulikuwa umevimba, kope zimegandana kama zilizoshonwa, masikio yamenenepa yanang'aa. Nyuma ya shingo, pale nywele zinapoishia, malengelenge yalikuwa yanatoa maji.

Hakuhitaji kuuliza sababu. Jana yake mchana jirani yake Jovina alikuja na kopo la unga, dawa ya pamba ambayo mumewe Mayunga aliiacha ndani kabla ya kwenda vitani. "Huu ukimpaka, chawa hawaioni Jumapili," alisema Jovina, akawapaka watoto wote wawili, Melania na binti yake mwenyewe, Deodata. Deodata hakutoka hata kipele.

Nyumba zao zilikuwa ubavu kwa ubavu, kwenye mstari uliopimwa na serikali watu walipohamishiwa kijijini. Huko migombani Febronia alikotoka, jirani ulimsikia kwa mbali akipasua kuni. Hapa ulimsikia akikohoa. Tena tangu waume wao wachukuliwe na mgambo kwenda Uganda, wanawake hawa wawili walipika chungu kimoja, na watoto wakalala kitanda kimoja. Chawa nao wakapata njia bila nauli.

Febronia akambeba Melania mgongoni hadi zahanati.

"Shikamoo, bwana mganga."

"Marahaba, mama. Umempaka nini huyu?" Mganga Celestini alikuwa ameshamwinamia mtoto.

Akaeleza. Mganga akatikisa kichwa. "Hiyo ni sumu ya wadudu wa shambani, haifai kichwa cha mtu yeyote. Na ngozi ya mwanao imeikataa kabisa. Huo ndio mzio. Kuna mtu akila dagaa anavimba, mwenzake akila yai. Huyu ni unga huu. Usimrudishie tena. Mara ya pili unga unaweza kumbana pumzi."

Alimwosha kwa maji mengi, akampa vidonge na dawa ya kupaka.

"Nimnyoe?" Febronia akauliza.

"Juu ya vidonda hivi? Wembe utamchuna. Mwache apone. Chawa watoe kwa mkono, na mafuta, mmoja mmoja."

Waliporudi, Jovina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Febronia hakumtazama. "Mama Deodata, rudi na uji wako," alisema, akafunga mlango.

Uvimbe ulipungua, macho yakafunguka. Vidonda vilichukua muda wao. Mayai yaliyonusurika na unga yakaangua, na Febronia akaanza kazi. Kila alipotoka shamba alimkalisha Melania juani, akampaka mafuta ya nyonyo, akapasua nywele fungu kwa fungu akizunguka vidonda. Sabuni ilikuwa imeadimika dukani, kwa hiyo alifulia maji ya majivu. Mgongo ulimuuma, kucha za vidole gumba zikawa nyeusi. Mwisho kichwa kikawa safi.

Haukupita muda, chawa wakubwa, walioshiba, wakaonekana tena.

"Hawa hawajaanguliwa hapa," Febronia alisema. "Unacheza na nani?"

Melania akainama. "Na Deodata. Tunakutana kisimani."

Mkono wa mama ulinyanyuka, ukabaki hewani, ukashuka. Angempiga kwa lipi? Angeweza kutoa chawa mpaka awe na mvi, na kama nyumba ya pili haikutoa, ilikuwa sawa na kupiga deki paa likivuja. Akajifuta mikono, akaenda kwa Jovina.

"Kwangu hakuna chawa," Jovina alisema kabla hajaulizwa. "Nilipaka dawa." Nyuma yake Deodata alikuwa anajikuna kwa mikono miwili.

Maneno makali yalimjia Febronia mdomoni. Akayameza. Akaketi kwenye mkeka wa Jovina, akavua kitambaa chake cha kichwa.

"Nianze mimi. Nitazame."

Jovina akasita, kisha akapiga magoti nyuma yake. Vidole vikapita kwenye nywele, vikasimama. Ukasikika mlio mdogo wa kucha mbili.

"Yupo," alisema. Kisha, "Wapo."

"Najua wapo. Ningekuja kwako na kichwa safi ungenifungulia?"

Jovina akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Nilitaka kumsaidia, Mama Melania. Kila nikifumba macho naona yale macho yake."

"Najua. Na mimi nilikufukuza na uji, ndani sina hata unga wa kukoroga. Haya, zamu yako. Inama."

Kesho yake walizunguka pamoja mstari mzima wa nyumba. Wengine waliwacheka, mmoja aliwafungia mlango. Jovina, ambaye jana tu alikuwa hana chawa, sasa ndiye aliyepaza sauti: "Kidole kimoja hakivunji chawa! Tukitoa wote kwa pamoja watakwisha!" Walioweza kunyolewa wakanyolewa, nguo zikachemshwa, mikeka ikaanikwa.

Hapo ndipo mwalimu wa shule alipotangaza kwamba wanafunzi wote watapakwa unga ule ule wa pamba. Febronia alifika uwanjani foleni imeshapangwa, akamtoa Melania mstarini.

"Mama, hili ni agizo," mwalimu alisema, kopo mkononi. "Asiyepakwa anarudi nyumbani."

"Agizo nimelisikia, mwalimu. Mtoto huyu hapakwi, na nyumbani harudi."

"Nikimwacha wako, wengine watasema napendelea."

"Waambie wamuulize aliyempaka," sauti ikasema nyuma yao. Ilikuwa ya Jovina, bado ana jembe mkononi. "Ni mimi, mwalimu. Nilimpaka kwa nia njema, karibu nimpofue. Wa kwangu hakudhurika. Katika foleni hii utamjuaje atakayedhurika?"

Mwalimu akamwita Melania, akazitenganisha nywele zake, akaona makovu. Alitafuta chawa hata mmoja, hata yai, hakuona. Akaliweka kopo chini, akamtuma mtu kwa Celestini kuuliza, na unga haukurudi tena uwanjani.

Pale vidonda vilipokuwa, nywele za Melania ziliota tena vizuri, isipokuwa nyuma ya sikio la kushoto, ambapo pamebaki upara mdogo.

"Mama, zitaota na hapa?"

"Sijui, mwanangu. Zisipoota tutapafunika," Febronia akasema, akaanza kumsuka.