Kisogo Kwanza

Saluni ilikuwa na viti viwili, beseni la kuoshea nywele, na kioo kilichochukua ukuta mzima. Kwenye beseni alisimama Povu. Kwenye viti alisimama wifi yake, Kitana. Majina hayo walipewa na wateja. La Kitana halikuhitaji maelezo. La Povu, wengine walisema limetokana na shampuu, na wengine, waliomjua vizuri zaidi, walisema limetokana na mdomo.

Kitana alikuwa mke wa kaka yake Povu, mwanamke wa makamo, mpole, ambaye mikono yake ilisema zaidi kuliko ulimi. Wateja walivuka mitaa kumfuata. Akikugawa nywele, mstari unanyooka kana kwamba umepigwa rula. Kichwa kimoja tu hakijawahi kupita mikononi mwake, nacho kilikuwa cha mama mkwe wake.

Mama, aliyewazaa Povu na kaka yake, alikuja saluni kila Jumamosi. Alikuja kitambaa kimefungwa barabara mpaka chini ya masikio, akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akakosoa kila kitu, akaondoka. Tangu Kitana aolewe, Mama hakuwahi kukifungua kitambaa hicho mbele yake. Kitana hakulalamika. Ila siku moja, wakifagia nywele sakafuni, alisema taratibu, "Wifi, nafikiri Mama hajanikubali. Mtu anayekukubali anakupa kichwa chake."

Povu, ambaye huwa na jibu la kila jambo, aliendelea kufagia.

Ndipo Kitana akajiandikisha masomo ya jioni, ya kuchora. Povu alipoliona daftari lenyewe, la jalada gumu na karatasi nene zisizo na mistari, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wifi yangu! Wenzako umri huu wanatafuta miwani, wewe unatafuta penseli?"

"Miwani ninayo," Kitana alisema. "Nataka kumchora Mama. Kama hanipi kichwa, anipe uso."

Mama alikuwa papo hapo kwenye benchi. Alishusha kikombe.

"Uchore uso wangu wewe? Mchore kwanza huyu binti yangu mwenye makelele. Siku nikiingia hapa nikamjua kwenye karatasi bila kuambiwa, nitakaa unichore. Kabla ya hapo usinisumbue."

"Nimekubali, Mama," Kitana alisema, na Povu akajikuta amekuwa mali ya sanaa bila kuulizwa.

Watu wengi huanza mambo. Povu mwenyewe aliwahi kuanza kufuma sweta, likaishia kwenye mkono mmoja. Kwa hiyo alisubiri daftari lile nalo lichoke. Halikuchoka. Kitana alifika asubuhi kabla ya wateja, akafuta kioo, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, daftari magotini, akainamisha kichwa. Sala yake ilikuwa fupi na Povu aliisikia mara nyingi hata akaikariri: "Mungu wangu, nionyeshe kilichopo." Halafu anachora. Mteja akichelewa, anachora. Mteja akiwa chini ya mashine ya kukaushia, anachora. Ukurasa ukiharibika haukuchanwa. Alifungua mwingine akaanza upya. Karatasi zikaanza kunukia mafuta ya nywele.

Na alichora vizuri, jamani. Povu hakuamini macho yake. Penseli ilipita kwenye karatasi kama mkia wa kitana unavyopita kwenye nywele, na msuko ukatokea, wenye uzito, wenye kung'aa, unatamani kuushika. Shingo za wateja, vishikizo vya magauni, hereni zinazoning'inia. Mteja mmoja mnene wa vicheko alipindua kurasa zote, kisha akauliza:

"Dada Kitana, tumekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Humu ndani wote tumekupa kisogo."

Saluni nzima ikavunjika mbavu. Kitana naye alicheka, kisha akatulia, akapindua kurasa mwenyewe. Ilikuwa kweli. Visogo vitupu. Maisha yake yote ya kazi amesimama nyuma ya watu, na kichwa anachokijua ni kile cha nyuma.

Mwalimu wa jioni alikwisha kuliona hilo. Alikuwa mzee aliyezoea kuandika mabango ya maduka, na hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza maswali tu, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa. Chini ya kisogo kizuri kuliko vyote aliandika: "Akigeuka je?"

Basi Povu akageuzwa. Kila mchana alikaa kwenye kiti akimwelekea wifi yake, akakatazwa kuongea, adhabu ambayo hajawahi kupewa hata shuleni. Na hapo mikono ile ya ajabu ikawa ya mtu mwingine. Nyuso zilitoka kama vinyago. Jumamosi Mama akaingia, akainama mbele ya picha iliyobandikwa pembeni ya kioo.

"Huyu ni nani, mwenye macho kwenye paji la uso?"

Akasogeza uso karibu zaidi.

"Kama ni mwanangu, basi walinibadilishia hospitali."

Wiki iliyofuata: "Huyu naye macho yake yanatafuta nini huko juu, chawa?"

Povu alicheka, halafu akamwona Kitana kwenye kioo. Alikuwa anaifunga ile penseli kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefunga kitu ambacho hatakifungua tena. Povu akaacha kucheka.

"Wifi, unamjua Mama. Ulimi wake hauna breki."

"Ulimi wake ni sawa. Macho yamekaa juu kweli. Ninayaona yamekaa juu, lakini sijui yanatakiwa kuwa wapi." Akaongeza, "Mwalimu ameandika, 'Hapa uliangalia au ulikumbuka?' Mimi sikumbuki hata uso mmoja, wifi. Namwuliza mtu kama nywele zinavuta, na hata akijibu naangalia nywele."

Usiku ule, kwenye sala zake, Povu alimtaja wifi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa mtu akiugua.

Asubuhi akajileta mwenyewe. Alikaa kwenye kiti akiwa ameelekea kioo, akafungua nywele zake.

"Nisuke. Acha uso kwanza. Leo nisuke tu."

Kitana akashika kazi. Aligawa nywele za utosini, kisha akataka kukata mstari kutoka sikio hadi sikio. Kama kawaida yake, alilaza kitana chake kirefu nyuma ya kichwa, kimenyooka, kikigusa ncha ya juu ya sikio hili na ya sikio lile, apate usawa. Povu alisubiri mkono uendelee. Haukuendelea.

"Wifi? Umelala?"

"Usitikisike."

Kitana alikuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama uso wa Povu ndani ya kioo, na kitana kikichomoza kushoto na kulia kwa kichwa, juu tu ya masikio. Kitana kilipoishia upande huu na kilipoanzia upande ule, ukiunganisha kwa jicho, mstari ulipita juu ya nyusi. Macho yalikaa chini yake, katikati ya kichwa, wala si huko juu alikokuwa anayapandisha. Akashusha kitana mpaka kwenye ndewe za masikio. Kwenye kioo, mstari ukapita chini ya pua.

"Masikio," alisema polepole. "Masikio nayajua. Nimeyakunja kando maisha yangu yote ili yasiunguzwe na maji ya moto. Mungu wangu, kumbe yalikuwa yananionyesha njia."

Povu hakuelewa vizuri, lakini hakutikisika. Alisukwa nusu kichwa akaachwa hivyo hivyo, na wateja wawili waliosubiri wakaambiwa wasubiri zaidi. Kitana alichora masikio kwanza, kama anavyoyajua, kisha akalaza kitana chenyewe juu ya karatasi, kutoka sikio hadi sikio, akatia macho chini yake.

Jumamosi hiyo Mama aliangalia muda mrefu.

"Macho yamerudi nyumbani," alisema. "Lakini huyu ni mpole. Wangu si mpole."

"Mama!" Povu alilalamika.

"Si mpole. Muulize hata baba yako."

Kitana hakufunga penseli safari hii. Aliandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, *si mpole*, akamgeukia wifi yake na kumtazama kama mtu anayesoma tangazo la mbali. Povu alijisikia vibaya kutazamwa hivyo, halafu akajisikia vizuri. Ni watu wangapi duniani wamewahi kumtazama bila kusubiri amalize kuongea? Kurasa zikaenda. Kona ya mdomo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kidogo. Mwalimu alitia nukta moja kwenye kidevu na kuuliza, "Kigumu au laini?" Kitana akakishika kidevu cha Povu kwa vidole viwili, kama anavyomshika mteja kichwa, akarudi kwenye karatasi akakichora kigumu.

Povu alikuwa ameacha kuhesabu. Alijua tu kwamba daftari la kwanza lilijaa na la pili likaanza, na kwamba yeye, aliyesubiri lichoke, sasa ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja, "Ngojeni kidogo, wifi yangu anafanya kazi."

Kisha Jumamosi moja Mama akaingia akiwa amechelewa, jua limemchosha, mkoba begani. Karatasi mpya ilikuwa pembeni ya kioo. Povu alikuwa nyuma, anasuuza taulo. Mama akapita, akasimama ghafla, akaielekea karatasi.

"Na wewe usinitolee macho," aliiambia. "Sijakusema bado. Mtoto huyu, tangu utotoni, kabla hujamgombeza ameshakaza mdomo."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye beseni. Mama akageuka, akamwona Povu kwenye mlango wa nyuma na taulo mkononi, akaitazama karatasi tena, na hapo ndipo alipojua amesema nini.

Kitana alikuwa ameinamisha kichwa, na Povu alijua maneno yanayosemwa pale chini.

"Haya," Mama alisema. "Mimi si mtu wa kurudisha maneno yangu." Akaweka mkoba. "Binti yangu, funga pazia."

Povu akafunga pazia. Mama akakaa kwenye kiti cha Kitana kwa mara ya kwanza, akaelekea kioo. Akapeleka mikono nyuma ya shingo akafungua fundo. Kitambaa kikaanguka magotini. Povu alidhani anamjua mama yake. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, na utosini zilikuwa zimekwisha, ngozi ikionekana laini kama ya mtoto. Basi sababu ndiyo hiyo. Haikuwa kwamba hakumkubali mkwe wake. Alimwonea haya, msusi wa mtaa mzima, aliyezoea vichwa vilivyojaa nywele.

"Hapa hakuna cha kusuka," Mama alisema, akikitazama kioo. "Lakini cha kuchora kipo. Anza nyuma, unakokujua."

Kitana akavuta stuli nyuma ya kiti. Penseli ilitembea polepole, na kisogo cha Mama kikatokea kwenye karatasi, na zile nywele chache zikachorwa moja moja, kila moja kwa heshima, hakuna iliyoongezwa. Povu alisimama kando ya beseni akitazama. Aliona kwamba wifi yake analia, na kwamba mkono wake hautetemeki.

Baadaye Kitana alibeba stuli, akazunguka, akaiweka mbele.

"Macho yangu yatakaa wapi?" Mama aliuliza.

"Usawa wa masikio, Mama."

"Vizuri," Mama alisema, akanyoosha shingo. "Usiyapandishe."